Farasi 318 wa Marehemu Kusunoki Tadaomi

Ndugu wafiwa, majirani, nanyi mliokuja na magari yenu mkayapanga vizuri pale nje, mimi Kikue, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma, na nitasoma nilivyoona mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958 mjini Kiryu, akasoma shule ya ufundi mjini Ota hadi Machi 1977, na Aprili mwaka huohuo akaajiriwa na kiwanda cha magari, katika chumba cha kupimia injini, akakaa humo miaka arobaini na moja. Tarehe 3 Novemba 1985 alimwoa wifi yangu Sumire, wakajaliwa binti mmoja, Chinami.

Mwaka 1993 alipima injini ya gari jipya ikatoa nguvu za farasi 318, lakini wenye viwanda walikuwa wamekubaliana kutotangaza zaidi ya 280, hivyo karatasi yake ikachanwa mbele ya macho yake, akaambiwa aandike 280, akaandika, akagonga muhuri wa jina lake. Tangu hapo hakuamini karatasi yoyote, ya benki wala ya daktari, hata kipimajoto alikishuku.

Alilinunua gari lile, na kila Jumapili asubuhi alikuwa kwenye maegesho ya mlimani akibishana na rafiki yake Hatakeyama, mchoraji wa maumbo ya magari kiwandani hapohapo, huyu akidai gari ni umbo, kaka akidai umbo ni nguo tu, mpaka tarehe 14 Mei 2000 Hatakeyama alipomwambia mbele ya wote, "Hao farasi 318 umewaota, Kusunoki, si ukapime tuone!" Kaka akajibu, "Mashine ya gereji humsikiliza mwenye gereji!" Watu walicheka sana, na kicheko kile kilimuuma mpaka mwisho, nami kiliniuma.

Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, tukiwa tumeshachelewa. Hatakeyama akaanza kuja hospitali na machungwa, nami nikajua analimezea mate gari, na Oktoba alipoomba ufunguo nilimnyima, kaka akampa. Siku ya tatu alirudi na karatasi ya vipimo, imeandikwa 318. Niliishika mimi. Injini ya miaka thelathini haijapungua hata farasi mmoja, na mistari ya mchoro wa nguvu uliokuwa juu yake ilikuwa mizuri mno, ya mkono uliochora maisha yote. Nikafungua mdomo, kaka akanitazama nikaufunga, akaomba muhuri wake, akaugonga chini ya namba ile, akasema, "Hii naiamini." Injini alizipima yeye miaka arobaini na moja, si mimi.

Alifariki tarehe 11 Novemba 2023, saa kumi na mbili asubuhi, na karatasi ile tumemwekea kifuani, ataondoka nayo.

Tunawashukuru madaktari aliowasumbua kwa maswali, majirani waliovumilia ule mngurumo, na wafanyakazi wenzake. Bwana Hatakeyama, asante, na sikuulizi ulipimia gereji gani.

Lala kwa amani, kaka, hakuna atakayekubishia tena.