Daktari Taratibu Anatuachia Chumba cha Dharura

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, daktari mkuu wa kitengo chetu cha dharura anastaafu tarehe 30 Juni. Koti lake jeupe limeshafuliwa na kurudishwa stoo, na mtunza stoo anaapa hajawahi kupokea koti lenye mifuko iliyochakaa namna ile.

Jina lake la kwenye mkataba wanalijua watu wa mishahara tu. Sisi wengine tunamwita Daktari Taratibu. Alilipata jina hilo mwaka wake wa kwanza wa kufundisha, alipopiga marufuku kukimbia wodini. Alisema atakayekimbia ataongeza mgonjwa, na ushahidi haukukawia: daktari mmoja kijana aliyekuja mbio na trei ya sindano aliteleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, akaishia kulazwa kitanda cha jirani na mgonjwa aliyekuwa akimkimbilia. Tangu hapo tunakwenda upesi, lakini kwa kutembea.

Madaktari wanaokuja kwake kujifunza tiba ya dharura hufika na vichwa vilivyojaa vitabu. Kazi yake ilikuwa kuyashusha ya kichwani hadi mikononi. Njia ya hewa kwanza, kisha pumzi, kisha damu. Hayo aliwaimbisha mpaka mtu akiota, anaota kwa mpangilio. Aliwafundisha pia kumtazama mgonjwa kabla ya kuitazama mashine, na kumsikiliza muuguzi anaposema kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama bado hajui ni kitu gani.

Somo aliloliona gumu kuliko yote lilikuwa kuzungumza na ndugu wa mgonjwa. Kwa hilo alimleta mumewe, fundi cherehani mpole, aigize baba anayepewa habari mbaya. Shemeji yetu akajitosa mzimamzima. Siku ya kwanza alilia mpaka daktari aliyekuwa akipimwa naye akalia, wakabaki wanabembelezana, na Daktari Taratibu hakujua ampe nani alama. Lakini somo liliingia: gonga mlango, kaa kitini, taja jina la mgonjwa, sema kweli kwa maneno mepesi, kisha nyamaza.

Kuna mchana mmoja ambao kitengo hiki hakitausahau. Aliletwa mchomelea vyuma aliyevamiwa na nyuki akiwa kazini juu ya paa. Midomo imevimba, sauti imekauka, koo linajifunga. Alichomwa sindano pajani mara tu alipofika, ikarudiwa, uvimbe haukusikia. Ikabidi apitishiwe mpira wa kupumulia kabla koo halijaziba kabisa, na daktari wa usingizi alikuwa katikati ya upasuaji, hawezi kutoka. Daktari Taratibu, ambaye sote tulimjua kuwa hakosi, alijaribu akakosa. Tukampa mgonjwa oksijeni. Akajaribu tena, akakosa tena. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshashika kisu, tayari kupasua koo. Hakuna aliyethubutu kumtazama bosi usoni.

Akasogea pembeni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimeshindwa mara mbili, inatosha. Njoo wewe, chukua mpira mwembamba. Mimi nitakushikia kichwa chake."

Aliyeambiwa "njoo wewe" ni mimi ninayeandika haya, wakati huo nikiwa bado mwanafunzi wake. Nikauchukua mpira mwembamba. Nilipoinama nikamsikia karibu na sikio langu: "Usiharakishe, mwanangu. Unachokitafuta kipo." Kweli kilikuwepo. Mpira ukapita, kifua kikainuka, na muuguzi mkuu akashusha pumzi kwa niaba yetu sote.

Kesho yake kwenye kikao cha asubuhi alisimulia mwenyewe, mbele ya wote, jinsi alivyokosa. Hakulazimishwa na mtu. Tangu siku ile, hapa kwetu mkubwa akikosa mara mbili humpisha mwingine, na heshima yake haipungui hata chembe. Mchomelea vyuma alipopona alirudi na mitambo yake, akazitengeneza machela zetu zote zilizokuwa zikilia kama mbuzi.

Wiki iliyopita nilimuuliza mama huyu atafanya nini nyumbani. "Nitalala," alisema. "Halafu nitaamka, nione kama kulikuwa na sababu ya kuamka." Mumewe anadai ameshampa kazi dukani. Ataanzia kwenye vifungo, maana ameshona ngozi za watu nusu ya maisha yake, lakini kwenye kitambaa mkono bado mzito.

Daktari, asante kwa mikono uliyoifundisha na kwa hofu ulizozituliza. Asante kwa shemeji na watoto wenu, waliotuazima mke na mama sikukuu baada ya sikukuu. Nenda ukapumzike, uwe na afya, na nyumba yako isikaukiwe na vicheko. Na ukisikia king'ora kinapita barabarani, usiinuke. Malizia chai yako. Tupo.