Chapa Moja kwa Kundi Zima

Uvumi ulimganda Hosiana rohoni: kuna karani wa ghala amelala mahabusu kwa ufuta uliotolewa na mtu mwingine kwa jina lake. Mwanawe Eliza ni karani wa ghala Ruangwa.

Garini, kiti cha mbele ya Hosiana, fundi kijana wa kompyuta alikuwa akimsimulia mfugaji mmoja. "Mfumo wa ghala unakuja umeshafungashwa, mzee, kompyuta nzima ndani ya kompyuta. Leo nauweka Ruangwa. Ni kuwasha tu." "Na namba ya siri?" mfugaji akauliza. "Imo humohumo, maghala yote ileile." "Ng'ombe wa watu wote chapa moja! Mwizi utamjuaje?" "Mzee, hili si zizi." "Ndiyo maana zizini hatuibiwi ovyo."

Gari likasimama Ruangwa, wawili hao wakashuka wakibishana. Hosiana, aliyekuwa akiendelea na safari, akampigia mwanawe: usiiache namba iliyokuja na mfumo, usimwazime mtu jina lako la kuingilia, usiondoke ukaiacha kompyuta wazi.