Mama Kulungu, Mlinzi wa Msitu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa mpasua mbao na mkewe, katika nyumba iliyopakana na msitu wa hifadhi. Alifuatiwa na mdogo wake wa kiume, ambaye dada yake aliendelea kumbeba mgongoni hata mtoto alipokwisha kujua kutembea.

Marehemu alimaliza darasa la saba mwaka 1972, baadaye akasomea ulinzi wa misitu, na Julai 1979 akaajiriwa katika msitu uleule. Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na fundi cherehani. Wakati mmoja alileta nyumbani ndama wa kulungu aliyefiwa na mama, akamlaza jikoni. Asubuhi mumewe akakuta suruali ya mteja imetafunwa mguu mmoja. Mume alisema tu kwamba mteja ataambiwa ndio mtindo mpya. Jina la Mama Kulungu lilianzia hapo.

Mwaka 1996 mitego ya waya ilizidi msituni. Siku moja, akiwa doria na wenzake, alimfumania mtegaji akichuna kulungu jike mwenye mimba. Alikuwa mdogo wake.

“Dada, geuza uso tu,” alimwambia kwa sauti ya chini.

Hakugeuza. Mdogo wake alifungwa miaka miwili. Mama yao hakumlaumu binti yake kwa neno, ila aliacha kumpakulia chakula. Mdogo mtu alipotoka alihamia mbali, undugu ukabaki jina.

Marehemu alistaafu mwaka 2018. Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Akiwa kitandani hospitalini alimwambia bintiye mkubwa, “Kumkamata sijutii, sheria ni msumeno. Ninachojutia, sikwenda kumwona gerezani hata mara moja. Sare ile niliivaa mpaka moyoni.”

Binti akampigia mjomba wake simu. Akajibu atakuja, ngoja kwanza amalize kuvuna. Akapigiwa tena, akasema wiki ijayo. Tangu hapo, kila viatu viliposikika kwenye korido ya wodi, marehemu aliuliza, “Ndiye?” Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na mdogo wake, aliyeshuka garini Jumamosi asubuhi na mkoba wake, akauliza dada amelazwa chumba gani.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko la amani, na sisi tuliobaki atupe kuwahiana.