Guta Lililopakwa Unga na Mafuta

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Mliokaa nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe tena.

Mnalijua guta langu la matairi matatu, lile ninalochotea maji bondeni na kuwapandishia hapa Mkunya. Nililinunua jipya dukani Masasi, na wiki ileile breki zikaanza kuniachia kwenye mteremko. Leo zinashika, kesho hazishiki. Siku moja nililiingiza kichakani kusudi nisife. Mke wangu akagoma kupanda. Niliogopa, ndugu zangu! Lakini ndilo linalotulisha, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nawaaga watoto, kisha nashuka nalo.

Watu wakasema ni jini. Mama yangu mzazi akalipaka unga wa mtama tairi la mbele na kuwaomba wazee waliotangulia. Nasi watu wa maombi tukalimiminia mafuta ya upako, nanyi mkaliwekea mikono. Msicheke, mlikuwepo. Breki ziliniachia jioni ileile.

Mungu akamtumia jirani yangu Mama Zuhura, msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Aliniuliza hilo jini mbona linakaa kwenye breki tu.

"Baba Neema, omba, lakini usilifungue kwa fundi wa mtaani," akaniambia. "Umeuziwa chombo kipya kikiwa kibovu, basi muuzaji akitengeneze, akibadilishe au akurudishie hela. Akikataa, mahakama ipo."

Muuzaji alikataa. Nikafungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Siku ya kusikilizwa nililipeleka guta mahakamani, na muuzaji akamwonyesha hakimu ule unga na yale mafuta, akasema nimeliharibu mwenyewe kwa mambo ya kishirikina. Nikakiri kwamba unga ulikuwepo kweli. Hakimu akaagiza fundi alikague. Fundi akakuta breki zimefungwa vibaya tangu kiwandani, na unga wa mama haukufika huko ndani. Muuzaji akaamriwa anipe lingine.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa na ule mteremko, na aliyenipa jirani asiyeogopa kunisema. Nawe uliyeuziwa chombo kibovu, usikae kimya ukisingizia jini. Mwombe Mungu, tunza risiti yako, nenda kadai haki.

Guta jipya lipo hapo nje. Mama ameshalipaka unga, nimemwachia. Baada ya ibada nashuka bondeni, na mke wangu amesema leo anapanda. Mwenye shida ya maji alete dumu, na anayemtumaini Bwana apande naye.