Mwalimu Umeshindaje na Goli la Mwanawe

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani asogee pembeni. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyefundisha falsafa chuo kikuu. Somo lake lilikuwa maadili ya michezo. Narudia, maana wengi hudhani nimekosea: falsafa, tena ya michezo. Wanafunzi walimwita Mwalimu Umeshindaje.

Jina hilo lilitokana na swali lake. Sisi tukikutana jioni huulizana, "Umeshindaje?" Tunajibu salama, tunapita. Yeye alilichukua neno lilelile akaliingiza uwanjani. Umeshinda, sawa. Umeshinda vipi? Aliliandika ubaoni mwanzo wa kila muhula, kisha akaketi, akawaacha wanafunzi wagombane.

"Mwalimu, refa hajapuliza, goli ni goli!" alisema mmoja.

"Na ukiiba kuku, mwenyewe asione, kuku ni wako?"

"Inategemea, mwalimu. Ameshaliwa?"

Darasa likaangua kicheko. Naye alicheka hadi akavua miwani. Halafu akasema, "Haya, tumeshiba. Sasa mtazame mwenye kuku usoni."

Mwalimu alikuwa na watoto wawili, binti na mvulana. Mvulana, kitindamimba, alikuwa mshambuliaji wa timu ya mtaa. Siku ya fainali alifunga goli la pekee. Alilifunga kwa mkono. Refa hakuona. Kombe likaja mtaani, watu wakalibeba juu juu.

Binti ameniambia hivi: "Mama hakujua lolote. Alikuwa ofisini siku nzima akisahihisha mitihani. Mdogo wangu alipoingia, akamsalimu kama mama yeyote: 'Umeshindaje, baba?'"

Wasikilizaji wapendwa, kijana aliganda mlangoni kama aliyemwagiwa maji. Akafoka, "Hata wewe, mama? Hata wewe?" Akageuka, akaondoka na medali yake shingoni.

"Nimemsalimu tu," mama alimwambia binti. "Kwani nimesema nini?"

Habari za mkono alizipata kesho yake, kwa muuza magazeti. Akasema neno moja: "Kumbe."

Kijana akahamia kwa mjomba wake. Simu hapokei. Msimu ukaisha, mwingine ukaanza. Mama akaugua figo. Kufa hakukumtisha sana. Alichoogopa ni kufa huku mwanawe akiamini kwamba ile salamu ilikuwa hukumu.

Alasiri moja kijana akaja. Binti alikuwepo. "Mama alifungua mdomo, akaufunga. Alitafuta salamu nyingine, hakuipata. Mwisho akasema, 'Naona leo mvua haikunyesha.' Mtu mzima, daktari wa falsafa, anazungumzia mvua!"

Kijana akacheka. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Niulize tu, mama."

"Nikuulize nini?"

"Swali lako unalijua."

"Haya. Umeshindaje, baba?"

"Kwa mkono, mama. Leo nimewaambia wenzangu. Nahodha amenitukana mpaka basi."

Mama akashusha pumzi ndefu. "Lakini siku ile nilikuwa nakusalimu tu, mjinga wangu wewe."

"Kusalimu tu?"

"Kusalimu tu. Sikujua hata mmecheza na nani."

Kijana akajishika kichwa. Msimu mzima, kwa salamu! Wakacheka wote watatu mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jioni hiyo mama alilala hata chakula hakijaiva. Binti anasema alikoroma kama trekta, na wao wawili walikaa sebuleni wakisikiliza, wanatabasamu. Ulikuwa umepita muda mrefu hawajamsikia akilala hivyo.

Mwalimu alifariki wiki iliyopita, watoto wote wawili wakiwa kando yake. Narudia kwa sababu ndilo alilolitaka: wote wawili.

Kwa binti, kwa kijana, kwa walimu wenzake na wanafunzi waliogombana mbele ya ubao wake, poleni sana. Poleni, na mtulie pia, kwa sababu mama ameondoka mwepesi.

Nawe unayenisikiliza, tafakari. Huenda yupo mtu unayemkwepa kwa sababu uliona amekuhukumu. Pengine hajafungua kesi yoyote. Kesi unayo wewe, moyoni, na shahidi ni wewe mwenyewe. Mwendee leo, angali anapumua. Mlango wake umerudishiwa tu. Usukume.