Dakika Kumi Alizoziona Doña Ligia

Tarehe 29 Novemba, Doña Ligia Siachoque anastaafu baada ya kuitumikia Klabu ya Baiskeli ya Tibasuca kwa miaka thelathini na miwili. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa alipoanza kupima mbio za klabu hii.

Alianza kama mpima muda. Alisimama kando ya barabara ya mlimani amejifunika ruana yake ya sufu, saa mkononi, chupa ya aguapanela, kinywaji cha moto cha sukari guru, miguuni. Baadaye zikaja kompyuta ndogo za kufunga kwenye usukani, zinazorekodi mwendo na nguvu ya miguu tangu mtu anapoondoka hadi anaporudi. Hapo klabu ikamkabidhi kazi tunayomjulia sisi: kusoma kila rekodi na kutafuta ndani yake dakika ambazo mtu alijituma kuliko zote.

Si kazi ndogo. Kila mmoja wetu hudhani kilele chake kilikuwa pale aliposhangiliwa. Doña Ligia huchapa mchoro wa mazoezi yote kwenye karatasi ndefu, kisha huchukua kipande cha kadibodi alichokitoboa kidirisha chenye upana wa dakika kumi, akakisogeza taratibu toka mwanzo hadi mwisho. Mchoro unapopanda zaidi ndani ya kidirisha, hapo ndipo penye kilele. Kompyuta ya ofisini hufanya kazi hiyohiyo kwa kufumba na kufumbua, naye huitumia, ila kadibodi hajaiacha.

Amecheka nasi sana. Kuna kijana aliyesahau kuzima kompyuta yake akarudi nyumbani amepanda lori la maziwa. "Hongera, mwanangu," Doña Ligia alimwambia mbele yetu sote, "leo umekwenda kasi kama lori. Bahati mbaya ulikuwa ndani yake." Na sisi tunaopunguza mwendo kwenye kibanda cha Bikira Maria ili kupiga ishara ya msalaba, alituonya tusibonyeze kitufe cha kuanza upya pale, maana tunaukata mlima vipande viwili. "Salini," alisema, "lakini vidole viwe kwenye msalaba tu."

Lakini siku nitakayomkumbukia zaidi ni ile ya mtihani wa mlimani, Agosti mwaka huu. Timu ya wasichana ya jimbo ilikuwa na nafasi moja kwa ajili ya klabu yetu. Kocha wetu, Don Wilmar Cuervo, alitangaza kwamba nafasi itakwenda kwa mwenye dakika kumi bora katika rekodi ya siku hiyo. Zulma aliongoza. Zulma ni binti wa ubatizo wa Doña Ligia, na kwao walikuwa wameshaanza kumenya viazi vya sherehe. Yolima Tibaduiza alifika nyuma, uso umesawijika. Sote tulijua baba yake alikwisha kusema kwamba akikosa nafasi hiyo, baiskeli itauzwa naye atabaki na ng'ombe.

Don Wilmar alikuwa amesoma rekodi kuanzia darajani, mlima unapoanza. Doña Ligia aliweka kadibodi yake kwenye ukingo kabisa wa karatasi ya Yolima. Kabla hata ya daraja, mchoro ulikuwa umepanda kuliko wa mtu yeyote. Asubuhi ile ng'ombe wao alikuwa akizaa. Yolima alichelewa kutoka, akawasha kompyuta yake getini kwao, akaendesha mbio ili asiachwe.

"Hiyo ni njia ya kuja, Doña Ligia," alisema Don Wilmar. "Mtihani unaanzia darajani."

"Wewe ndiye uliyesema rekodi ya siku hiyo. Siku ya mtoto huyu ilianzia zizini."

"Lakini Zulma ni binti yako wa ubatizo!"

"Najua. Mimi ndiye niliyemshika kichwa majini. Sogea, unanizibia mwanga."

Don Wilmar alisoma upya, akajikuna kisogo, akatii kanuni yake mwenyewe. Nafasi ikawa ya Yolima. Zulma alimwambia mama yake huyo wa ubatizo, "Madrina, heri ungesahau miwani yako nyumbani leo!" Akaondoka, na kwa wiki nyingi alipita mbele ya ofisi bila kusalimu. Doña Ligia hakujitetea kwa mtu.

Yolima hakurudi na medali, lakini timu ya jimbo imemwomba abaki msimu ujao. Baba yake sasa anakamua peke yake, na humlalamikia kila apitaye, huku anatabasamu.

Wiki iliyopita Zulma aliingia ofisini. Nilikuwa napanga viti vya sherehe hii, nikataka kutoka, lakini alikuwa amesimama mlangoni. Hakuleta rekodi yoyote.

"Madrina, Jumapili utakuja kula kwetu?"

Doña Ligia alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nitakuja, sumercé, mpenzi wangu. Nani anapika?"

"Mimi."

"Basi nitakula kidogo nyumbani kwanza."

Walicheka wote wawili, na mimi nikaweza kupita.

Doña Ligia, klabu nzima inakushukuru kwa kutusoma kwa haki, hata ilipokugharimu. Tunakuombea afya, asubuhi ndefu zisizopimwa na mtu, na Jumapili zenye wageni mezani.