Uso Uliokwanguliwa kwenye Shaba

Benchi letu la Antwerp liko chini ya dirisha la karakana, mahali harufu ya wino inapokutana na ya bia. Jioni ile nilikaa na baba yangu mdogo Govaert, mchonga picha za watakatifu. Alikuwapo pia Lieven, tuliyemwita Askofu kwa sababu aliwahi kufagia kanisa kuu. Na Machteld wa Rangi, anayezipaka rangi picha hizo. Mwaka wa tauni wateja walimtaka Mtakatifu Rosalia tu, mkinga wa tauni. Baba mdogo akakwangua bamba la shaba la kuchapia la Mtakatifu Dorotea, ambaye alikuwa amempa sura ya bintiye Digna, akamchonga Rosalia juu yake. Digna alikuwa jikoni, mzima. Angemchonga tena siku yoyote. Kabla ya mavuno tauni ikamchukua. Tangu hapo baba mdogo anatafuta nakala moja tu ya Dorotea yule.

— Askofu: Kwa wagonjwa usihangaike. Wameshazimeza picha zao kama dawa. Mke wangu alimmeza Dorotea kwenye supu, homa ikashuka.

— Machteld: Ilishuka, au alichoka kukusikiliza?

— Askofu: Cheka tu. Tuulize makaburini. Wangapi wamezikwa na picha kifuani? Koleo ninalo.

— Machteld: Mzee umelewa! Wanazo mabaharia, wanazibandika ndani ya masanduku. Saa hizi Digna yuko Peru, anawashiwa mishumaa.

— Askofu: Peru karibu hapo! Yuko kwa mfalme wa Uchina, anapigiwa magoti.

— Govaert: Hata huko ningekwenda.

Sista mmoja wa nyumba ya watawa ya Mechelen, aliyekuja kuchukua picha za komunyo, alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza.

— Sista: Mzee, kwetu vitabu vya sala vimejaa picha za zamani. Akina Dorotea wako tele, kila mmoja na kikapu chake cha maua. Nitavipekua vyote. Niambie tu, wako nitamjua kwa lipi?



— Machteld: Nywele zake... Aa. Nywele za wote nilizipaka njano.

Baba mdogo alichovya kidole kwenye bia, akachora juu ya benchi: paji, pua, kidevu. Mkono haukusita. Ulipomaliza, aliyekuwa akitutazama si Digna, ni Rosalia, yule yule tuliyemchapa miaka yote hiyo.

— Sista: Ndiye huyu?

Baba mdogo akamfuta kwa kiganja.